Shanga Katika Vidole Vidogo: Maswali na Majibu

Tangu shule zifungwe kwa likizo ya Aprili na mvua ya masika ianze kuwafungia watoto ndani ya nyumba, wasomaji wengi wameniandikia kuhusu jambo moja: namna ya kutengeneza mikufu, bangili, vidani na pete pamoja na watoto wadogo, huku wakijifunza kutoka kwa watu wa pembe mbalimbali za dunia. Nimewafundisha watoto wa chekechea hapa Nairobi kwa miaka mingi, na kila muhula mezani pangu huwa pana kopo la shanga, kwa hiyo nimeyapokea maswali haya kwa furaha. Baadhi nimeyafupisha.

Mama Amani, Umoja: Mwalimu, nina mtoto wa miaka mitatu na nusu na mwingine wa mitano. Nimeona picha za mapambo ya nchi nyingi na yote yanapendeza, lakini sijui nianzie wapi, wala sijui kila mmoja anaweza kazi gani.

Anzia nyumbani, Mama Amani. Mtoto ambaye hajawahi kuonyeshwa kilichomo katika kisanduku cha bibi yake hawezi kuelewa kwa nini mtu wa Ghana au wa India anathamini ushanga wake. Watolee bangili ulizo nazo, waambie ni nani aliyekupa na siku gani, waache wazishike na kuzihesabu. Waambie pia kwamba Waswahili husema chanda chema huvikwa pete, kisha mvishe kila mmoja pete ya uzi katika chanda chake. Hilo peke yake ni somo la siku ya kwanza.

Siku ya pili tengenezeni koja. Wanawake wa pwani yetu hutunga maua ya asumini kuwa koja la kuvaa shingoni, hasa wakati wa harusi, na harufu yake hutangulia mvaaji mlangoni. Ng'ambo kabisa, katika visiwa vya Hawaii, watu hutunga koja lao liitwalo lei kwa maua, majani, kokwa au makombe madogo, na hulisherehekea tarehe 1 Mei, siku ambayo kwetu ni Sikukuu ya Wafanyakazi. Anayevishwa lei hapaswi kuikataa, wala kuivua mbele ya aliyemvisha. Watoto wangu hulipenda sharti hilo kuliko hata maua yenyewe, kwa sababu wanaelewa upesi kwamba kuvishwa pambo ni kupewa heshima.

Kuhusu kazi, mdogo wako wa miaka mitatu na nusu anaweza kutunga vitu vyenye tundu kubwa kwa kamba ya kiatu, ambayo ncha yake ngumu inamfaa kuliko sindano yoyote. Mkatie maua ya karatasi yenye tundu katikati na vipande vya mrija vya urefu wa kama sentimita tatu, na umruhusu apange apendavyo bila kumrekebisha. Mkubwa wa miaka mitano anaweza kufuata ruwaza, kwa mfano nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, ambalo ndilo jambo analofundishwa katika hesabu za PP2, darasa la mwisho la chekechea, na anaweza kutumia sindano butu ya plastiki kutunga maua halisi yaliyoanguka bustanini. Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha. Akiinuka kabla koja halijafika mwisho, lifunge pale lilipofikia, na likiwa fupi litakuwa bangili.

Mwalimu wa PP2, Kasarani: Tunaandaa siku ya utamaduni, na nilipanga watoto wangu thelathini na wawili watengeneze vidani vya Kimasai kwa sahani za karatasi. Mzazi mmoja Mmasai aliniambia kwa upole kwamba mapambo yao si mchezo. Je, niache?

Usiache, mwalimu mwenzangu, lakini mshukuru mzazi huyo, maana amekufungulia mlango ambao wengi wetu hupita bila kuuona. Nami niliwahi kuwapa watoto sahani za karatasi, rangi na gundi, nikaita matokeo "vidani vya Kimasai", na hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka darasani akijua ni nani anayevaa kidani kile, kwa nini, wala kinatengenezwaje. Nilikuwa nimewapa umbo na kuwanyima habari zake.

Habari zenyewe ni tamu na ndefu. Kutoboa vitu vidogo na kuvivaa ni kazi ya kale mno katika nchi hii. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wanaakiolojia wamepata ushanga wa kombe la bahari wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000, na katika pango la Enkapune ya Muto, juu ya Bonde la Ufa upande wa Naivasha, walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni za tangu kama miaka 40,000 iliyopita. Shanga za kioo zilikuja baadaye sana kwa biashara ya Bahari ya Hindi, na katika karne ya kumi na tisa misafara kutoka pwani ilizipeleka bara kwa wingi, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice na Bohemia, sehemu ambayo leo imo katika Jamhuri ya Cheki. Kabla ya hapo wafugaji wa bara walitumia mbegu, mifupa, udongo, maganda ya mayai, chuma na shaba. Kwa hiyo kidani kinachoonekana kuwa cha Kimasai tupu kina kioo cha Ulaya, waya, na vipande vya ngozi vya kutenganisha safu, ambavyo siku hizi mara nyingi hukatwa kutoka plastiki. Ubunifu ni wa wanawake wa Kimasai, ambao ndio mafundi wa kazi hii, na mtoto wa miaka mitano anaweza kulielewa jambo hilo ukimweleza polepole: shanga zilisafiri, lakini mpango wa rangi ulizaliwa hapa.

Rangi zenyewe zina maana. Wamasai wengi hueleza kwamba nyekundu ni ushujaa na damu ya ng'ombe inayowaunganisha watu, nyeupe ni maziwa na usafi, buluu ni mbingu iletayo mvua, na kijani ni majani ya malisho na afya ya nchi. Maelezo hutofautiana kutoka sehemu moja ya Umasai hadi nyingine, na hilo nalo waambie watoto, ili wasidhani kwamba watu wote wa jamii moja huwaza kitu kimoja. Yako mapambo yanayomtambulisha mwanamke aliyeolewa, na mengine yanayohusu rika na sherehe zake. Hayo nisingewapa watoto wayaige, kama vile nisingempa mtoto wa PP2 aige vazi la askofu au sare ya jenerali. Ukifanya somo juu ya wenyeji wa Marekani utakutana na jambo hilohilo. Kofia kubwa ya manyoya ya tai, ambayo vitabu vingi vya ufundi wa watoto huwaonyesha waitengeneze kwa karatasi, huvaliwa na watu wa uwandani mwa nchi hiyo waliostahili kila unyoya kwa tendo fulani. Na mikanda ya shanga nyeupe na zambarau za makombe, iitwayo wampum, ilitunza mapatano baina ya mataifa ya Haudenosaunee na majirani zao, kwa namna ambayo sisi tungeiita hati.

Basi nikushauri hivi. Mwalike mzazi huyo, au mama yake akiwa mjini, aje darasani na mapambo mawili matatu aliyo tayari kuyaonyesha, aeleze mwenyewe kwa maneno yake. Msiharakishe, waache watoto wasikie uzito wa kidani mkononi. Akishaondoka, wape watoto kadibodi iliyokatwa kama duara pana lenye uwazi wa kuingiza kichwa, nawe uwaambie: "Mama huyu ametufundisha kwamba rangi husema. Sasa chagua rangi tatu za kwako, zipange kwa mizunguko, kisha utuambie zinasema nini kuhusu nyumbani kwenu." Watoto thelathini na wawili watatoka na vidani thelathini na viwili, kila kimoja na hadithi yake, na hakuna hata kimoja kitakachoitwa cha Kimasai. Mwaka jana mtoto wangu mmoja alipaka kijivu mzunguko mzima, nikadhani amechoka, kumbe alikuwa anaeleza mabati ya paa lao wakati wa mvua. Andika maneno yao nyuma ya kadibodi siku hiyohiyo, kwa sababu kesho watakuwa wamesahau.

Baba Neema, Kayole: Neema ana miaka sita na hukaa siku nzima na shanga zake, lakini mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu hutia kila kitu mdomoni. Mke wangu anasema tuzifungie shanga kabatini hadi mdogo akue. Wewe waonaje?

Mama Neema ana sababu nzuri, nami sitaki kuipunguza. Ushanga mdogo unaweza kuziba njia ya hewa ya mtoto mchanga ndani ya sekunde chache. Kipimo kinachotumiwa kukagua vitu vya watoto wa chini ya miaka mitatu ni bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7, na chochote kinachoingia humo chote huhesabiwa kuwa cha hatari kwao. Nyumbani tumia bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni inapoisha. Ni pana kidogo kuliko kipimo hicho, na kwa hiyo hukosea upande wa usalama. Kinachopita ndani yake kisimkaribie mdogo.

Hata hivyo si lazima Neema anyimwe kazi yake kwa miaka miwili. Mpe sinia yenye kingo, afanyie kazi juu ya meza mdogo akiwa amelala au amebebwa, na akimaliza ahesabu shanga zinazorudi koponi. Kuhesabu huko humfundisha wajibu, nawe utajua kama kuna ushanga uliodondoka chini ya kochi. Kopo liwe na kifuniko cha kuzungusha na likae juu. Mdogo naye apewe kazi yake: bangili kubwa za mbao au vitambaa vilivyofungwa mafundo makubwa, avivute na kuvitikisa.

Mtoto wa umri huo asivishwe mkufu shingoni, na asilale na uzi wa aina yoyote shingoni. Desemba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wazazi dhidi ya mikufu na bangili zinazouzwa kupunguza maumivu ya meno ya watoto, baada ya watoto kupaliwa na wengine kunyongwa nazo, akiwemo mmoja wa miezi kumi na minane aliyekufa akiwa amelala. Kwa Neema mwenyewe, mkufu ufungwe kwa fundo jepesi linaloachia ukivutwa kwa nguvu, na avue kabla ya kupanda bembea.

Jambo la tatu halizungumzwi vya kutosha hapa kwetu, nalo ni mbegu za mwituni. Mbegu ndogo nyekundu yenye doa jeusi, ya mmea ambao Waswahili huuita mturituri, huonekana kama ushanga ulioumbwa tayari, na watu wa nchi nyingi wameitunga kuwa mikufu. Ndani yake mna sumu kali sana, na kuitoboa au kuitafuna ndiko kunakoiachilia. Mbegu za mbono, zenye madoadoa ya kupendeza, ni za hatari vilevile, nazo humea hata kando ya barabara na reli hapa mjini. Wafundishe watoto wasiokote mbegu yoyote wasiyoijua. Mbegu za boga, tikiti na embe zinatosha.

Ikitokea mtoto amepaliwa na anaweza kukohoa, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, mwinamishe kichwa kikielekea chini na umpige kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kisipotoka, kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, simama nyuma yake umbonyeze tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara tano, ukibadilishana hivyo huku mwingine akitafuta msaada. Ushanga ukiingia puani au sikioni usiuchokoe kwa kijiti, kwani utausukuma ndani zaidi. Mpeleke hospitali.

Mama Zawadi, Embakasi: Tulijaribu shanga za karatasi kama zile za Uganda. Zetu zinafumuka, na zilizobaki zimekuwa kama sigara zilizokanyagwa. Tumekosea wapi?

Nadhani mmekosea katika ukataji na gundi, na yote mawili yanarekebishika. Wanawake wa Kampala, hasa wale wa mtaa uitwao Acholi Quarter waliokimbia vita vya kaskazini, wameifanya kazi hii kuwa riziki, na ukitazama ushanga wao mmoja utaona umevimba katikati na kuchongoka pande zote mbili. Umbo hilo hutokana na pembetatu ndefu. Kata karatasi ya kalenda kuukuu au ya jarida, iliyo nzito na yenye kung'aa, iwe na upana wa sentimita mbili upande mmoja na ipungue hadi ncha kali upande wa pili, kwa urefu wa sentimita ishirini na tano hivi. Ukikata mstatili utapata sigara, kama ulivyosema. Karatasi ya gazeti ni laini mno na wino wake hupaka vidole.

Anza kuviringisha kwa upande mpana juu ya kijiti cha kuchokolea meno, au juu ya kijiti cha mshikaki kwa vidole vya mtoto wa miaka mitano. Mzunguko wa kwanza usiwe na gundi, la sivyo ushanga utang'ang'ania kijiti. Kuanzia mzunguko wa pili paka gundi nyeupe kwa tabaka jembamba sana, kaza unapoviringisha, na uangalie ncha ibaki katikati. Nusu ya kazi imo katika kukaza huko, na ndipo watoto wadogo wanaposhindwa, kwa hiyo mzazi aanze mizunguko miwili ya kwanza na mtoto amalizie. Chomeka vijiti kwenye kipande cha sifongo au nusu ya kiazi, vikauke usiku kucha, kisha uzipake shanga gundi iliyozimuliwa kwa maji mara mbili, zikikauka katikati ya kila tabaka. Vanishi ya fundi seremala hung'aa zaidi, lakini mvuke wake si wa watoto. Akipaka mtu mzima, apakie nje.

Waulize watoto wachague karatasi kwa rangi iliyo ukingoni mwa pembetatu, maana hiyo ndiyo itakayoonekana, na picha ya katikati humezwa yote. Wakishagundua siri hiyo hawatoki mezani.

Babu yake Juma, Jericho: Mjukuu wangu wa kiume ana miaka mitano na anapenda kutunga shanga. Baba yake anamkataza, anasema ni mambo ya wasichana. Mimi simwoni ubaya, lakini sitaki ugomvi na mwanangu.

Shikamoo, Mzee. Mwambie mwanao kwa utulivu, pengine mkiwa wawili tu, kwamba moran wa Kimasai na wa Kisamburu huvaa shanga shingoni, mikononi na kifuani, na hakuna anayethubutu kumwita msichana. Oba, yaani mfalme, wa Benin, huko Nigeria, huketi amefunikwa kwa marijani kuanzia taji hadi miguuni. Tutankhamun alikalia kiti cha ufalme wa Misri akiwa na miaka kama tisa, na kaburi lake lilipofunguliwa mwaka 1922 lilikutwa limejaa vidani vipana, bangili na pete. Baba yake Juma mwenyewe, kama wanaume wengi wa mji huu, huenda ana bangili ya shanga za rangi za bendera ya Kenya mkononi. Mwombe aivue amwonyeshe mwanawe jinsi ilivyotungwa.

Msipoelewana upesi, Juma atengeneze bangili ya baba. Nimeona jambo hilo likifanya kazi ambayo maneno hayakuweza.

Dada wa South C: Majirani zetu Wahindu huwafunga kaka zao uzi mkononi kila mwaka, na binti yangu wa miaka saba anataka kumtengenezea kaka yake. Sisi si Wahindu. Je, inafaa? Na una mapambo mengine ya uzi mtupu, bila shanga?

Uzi huo huitwa rakhi, na siku yake, Raksha Bandhan, huangukia mwezi mpevu wa mwezi wa Shravan katika kalenda ya Kihindu, mara nyingi ndani ya Agosti. Dada humfunga kaka yake uzi kwenye kifundo cha mkono akimwombea heri, naye kaka huahidi kumlinda na humpa zawadi. Jamii ya Wakenya wenye asili ya Asia ilitambuliwa rasmi na serikali mwezi Julai 2017 kuwa kabila la 44 la nchi hii, kwa hiyo huhitaji kwenda India kujifunza desturi hiyo, bali kugonga mlango wa jirani. Mpeleke binti yako aulize. Kwa uzoefu wangu majirani hufurahi, na wengine wenyewe huwafunga rakhi marafiki wasio wa dini yao. Ninapoweka mpaka ni kwenye vitu vya ibada hasa: tasbihi yenye shanga 33 au 99, rozari yenye 59, mala ya Wahindu yenye 108. Watoto wanaweza kuambiwa habari zake na kuhesabu, ila sitengenezi nao mfano wa kuvaa kama urembo.

Kuhusu uzi mtupu, ninalolipenda kuliko yote ni martenitsa ya Bulgaria. Ifikapo tarehe 1 Machi watu hufungana uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, na huuvaa hadi wamwone korongo mweupe wa kwanza au mti uliochanua, ndipo huufunga kwenye tawi. Mwaka 2017 desturi hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, pamoja na ya majirani wa Bulgaria kama Romania. Linalowashangaza watoto wangu ni kwamba makorongo hao weupe wanaosubiriwa huko huja Afrika kukwepa baridi, na baadhi yao hukaa Kenya. Si wale kongoti wenye upara wa majalala ya Dandora, bali ni binamu zao. Ndege anayeondoka kwetu mwezi Machi aweza kuwa ndiye anayemwambia mtoto wa Bulgaria avue uzi wake. Kusokota kwenyewe ni rahisi: watoto wawili hushika ncha, kila mmoja huzungusha upande wake kinyume cha mwenzake, kisha huzikutanisha ncha na uzi hujisokota wenyewe.

Binti yako wa miaka saba ameshafikia umri wa kusuka kumihimo, ufundi wa Kijapani ambao kamba zake zilifunga silaha za kujikinga za samurai, wapiganaji wao wa zamani. Wajapani hutumia vigoda maalumu vya mbao, lakini iko njia nyepesi ya kadibodi. Kata duara la sentimita kumi, toboa tundu katikati, na ukate mikwaju minane, yaani mipasuo midogo, ukingoni kwa nafasi sawa. Funga pamoja nyuzi saba za sufu za sentimita sitini hivi, pitisha fundo tunduni, na utie kila uzi katika mkwaju wake, mmoja ubaki mtupu. Mkwaju mtupu uelekee kwake. Ahesabu nyuzi tatu kuanzia hapo, wa tatu auvushe juu ya zile mbili na kuutia katika mkwaju mtupu, kisha azungushe kadibodi mpaka mkwaju mpya ulio mtupu umwelekee tena, daima kwa upande uleule. Chini ya tundu kamba nene itaanza kushuka. Watoto wakiishika mwendo wake husuka hata ndani ya matatu.

Mama wa pacha, Pipeline: Ni wapi ninaweza kupata shanga kwa bei nafuu?

Soko la Kariokor, mahali wanaposhona ndara za ngozi na kuuza viondo. Nenda asubuhi, ununue kwa uzito kidogo kidogo, na uombe zile zilizochanganyika rangi, kwani watoto watafurahia kuzichambua. Mafundi cherehani wa mtaani watakupa mabaki ya vitambaa bure ukiomba kwa adabu.

Shangazi yake Baraka, Dandora: Nilijaribu shanga za unga na chumvi, zote zikapasuka. Pia Baraka ameuliza kwa nini hatuwezi kutumia yale makombe aliyotaka kuokota Watamu tulipoenda kumtembelea nyanya yake.

Nianze na unga. Vipimo ni vikombe viwili vya unga wa ngano kwa kimoja cha chumvi laini, na maji takribani kikombe kimoja yakitiwa kidogo kidogo, kisha kukanda kwa dakika kumi hadi donge lisishike mkono. Shanga hupasuka zikiwa nene mno au zikikaushwa kwa pupa. Zisizidi tunda la zabibu kwa ukubwa, zitobolewe kwa kijiti zikiwa bado laini, na zikaushwe kivulini siku mbili kabla ya kuanikwa juani, zikigeuzwa asubuhi na jioni. Donge hilo lina chumvi nyingi ya kumdhuru mtoto au mbwa, kwa hiyo asile hata kwa mzaha. Kama kutumia unga kwa mchezo kunakukera, nami naielewa hali hiyo katika mwezi wa bei kupanda, tumia udongo wa mfinyanzi. Huko Karen kiwanda cha Kazuri kimekuwa kikitengeneza shanga za udongo tangu 1975, nyingi zikiumbwa kwa mkono wa kina mama, na mtoto akiwaona kazini anaelewa kwamba ushanga una mtu nyuma yake.

Akishafanikiwa, msimulie jinsi Wakrobo wa Ghana wanavyofanya. Hutwanga chupa kuukuu kuwa unga laini, huujaza unga huo katika kalibu za udongo, na katikati ya kila tundu la kalibu husimamisha kipande cha kikonyo cha jani la muhogo. Tanuruni kioo hushikamana, kikonyo huungua, na mahali kilipokuwa hubaki tundu la uzi. Baraka akijaribu na tambi mbichi katikati ya donge lake la unga ataona kwa nini tambi haifai na kikonyo kinafaa, nawe usimwambie mapema.

Kuhusu makombe, Watamu na Malindi zina hifadhi za bahari zilizotangazwa tangu 1968, na humo hairuhusiwi kuokota kombe hata likiwa tupu, maana kaa wengi hutafuta nyumba ndani yake. Mpe Baraka jibu hilo kama lilivyo. Kisha akumbuke umbo la kombe alilolitaka zaidi, aliumbe kwa unga, achore mistari yake kwa ukucha, na alitoboe. Nyanya yake ndiye aliye karibu na bahari, basi apelekewe yeye alivae.